Kapu la Sila Halikukata Kona

Mwaka umetimia sasa, Sila Lusito, tangu utuache hapa Gulwe, na nyumba yako ina kelele kuliko ulivyoiacha. Usinune. Ni kelele za furaha, subiri uambiwe.

Mgeni akishuka treni bila mwenyeji, alikula kwako. Kwenye kwaya uliimba besi umefumba macho, wimbo ukiupoteza hujali.

Lakini na ujanja ulikuwa nao, baba Abeli! Kila msimu ulipeleka kapu la mbegu za uwele kanisani, mchungaji akaziombea. Ukitoka hapo, kwenye njia panda unakata kona, mbegu zilezile hadi kwa mganga wa mvua, azipake dawa. Mzee wa kanisa mzima!

Mwaka ule wa ukame mkeo Dorkasi alikuwahi njia panda, akalikalia kapu.

"Inuka, mama Abeli, watu wanaona."

"Waone. Nikikupikia ugali, ukamaliza ukaenda kula tena kwa jirani Emilia ili kujihami, hiyo ni ndoa?"

"Kwa Emilia ugali hauivi."

"Jibu swali, mume wangu."

Ulicheka. "Na mvua isiponyesha?"

"Tutalala njaa, ila tutajua tumemwomba nani."

Ukalibeba kapu, ukanyoosha moja kwa moja shambani.

Mvua ikachelewa kweli. Mbegu zikaliwa na mchwa, ukapanda tena. Majirani wakakutania, "Mzee wa kanisa, mganga anakusalimu!" Ukawaitikia, "Msalimieni naye pia," wala hukurudi kwake, mwaka ule wala mwingine wowote. Tulivuna kidogo. Hicho kidogo ulikipeleka madhabahuni ukicheza, kofia ikaanguka, mchungaji akasema, "Mzee, taratibu!"

Sasa sikia. Mwanao Abeli, yule wa kusalia mlangoni mwa kanisa, mguu ndani mguu nje, msimu huu amelibeba kapu lako. Ameingia nalo kanisani hadi mbele. Alipotoka na kufika njia panda tulimwangalia wote, mkeo kaziba mdomo kwa khanga. Hakukata kona! Mkeo alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa Emilia wakakimbia, na ngoma haijanyamaza hadi leo.

Unakumbukwa na mkeo Dorkasi, wanao Abeli na Paulina, dada yako Edina, wajukuu, na mabesi wenzako wa kwaya.

Daima tutakukumbuka, baba Abeli, wala si nusunusu.