Mpaka Ambao Sikuutembea

Chumba cha Nyuma, Ghala la Zamani,
Jumapili, tarehe 14.

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mguu wako umepona sawasawa? Sisi huku tu wazima, ila mjomba wako usingizi umemhama.

Bila shaka umeshasikia kwamba Mahakama Kuu imeamua ile kesi ya ardhi ya mlimani, iliyotugombanisha na jirani zetu miaka thelathini na moja. Tumeshinda. Watu walibebana mabegani hadi barabarani, na mimi wakaniita shujaa. Nataka ukweli uupate kwangu.

Ramani iliyotunyang'anya ardhi ile niliichora mimi. Nilikuwa mpima kijana wa serikali. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana mpaka ufuate kijito cha juu. Mvua ikanyesha wiki nzima, nikaona uvivu kupanda. Nikaketi ofisini na rula yangu, nikafuata kijito cha chini. Mstari mmoja tu, na nyumba ya baba yako ikaangukia upande wa pili.

Alipofukuzwa, baba yako alisema wale wamehonga mtu. Nilikuwa nimembebea godoro hadi kwenye chumba cha kupanga. Maji yalishamwagika, nami nikaona haya kusema. Nikaitikia, "Ndiyo, shemeji, wamehonga." Alikufa akiamini hivyo. Nawe ukaondoka kwa kukosa pa kulima.

Mahakamani wakili wetu alitaka niseme tu kwamba ramani ina kasoro. Lakini jaji, mama mmoja wa sauti ya chini, akaniuliza mwenyewe, "Mpaka huu uliutembea?"

Mama yako alikuwa benchi la mbele, ameukumbatia mkoba wake. Nikajibu, "Sikuutembea. Niliubuni." Ramani ikatupwa, ardhi ikarudi.

Nje mama yako hakunipigia kelele. Alisema, "Kaka, miaka yote hii unakula kwangu, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua. Akajitanda mtandio wake, akaenda zake. Mwezi wa pili sasa hajakanyaga kwangu, na simlaumu.

Kiwanja cha baba yako kimeandikwa jina lako. Afisa wa ardhi aliniomba nikutilie saini. Nimekataa, mkono huu umekuharibia vya kutosha. Njoo utie mwenyewe. Na ukifika, usinipe shikamoo ya mjomba kabla hujaniambia lililo moyoni mwako. Nitakaa kimya nisikilize.

Msalimie mkeo, na yule mdogo mnayemwita Bibi. Mungu akufungulie njia ya kurudi kwenu.

Akupendaye, na aliyekukosea,
Mjomba wako, Mpima.