Hamdan Ameoshwa Mara Mbili

Kibokoni, Mombasa
Jumanne

Dada yangu mpenzi Nabiha,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Kizingo, na Mahira hajambo? Lile jino lake limeshang'oka? Sisi hapa kwa mama tu wazima, ila mimi usingizi umenihama. Sikukupigia simu kwa kuwa kila nikipiga hupokea Yeslam, tangu ahamie hapo chini eti awalinde. Jacinta wako wa jikoni ndiye niliyemwamini na barua hii.

Najua ulininunia nilipokubali kumwigiza marehemu mumeo kwenye filamu hii. Ulisema Hamdan walimtazama kwenye televisheni miaka yote ile, na sasa hata kifo chake wanataka wakitazame. Haki yako. Lakini mimi dukuduku halikunitoka, dada. Eti aliteleza ngazini akafa; mtu aliyepanda ngazi zile tangu utotoni atelezeje? Na Yeslam, binamu yake, aliyekuwa naye peke yake, haraka ile ya kuzika ilikuwa ya nini?

Basi jana tulirekodi kuoshwa kwa maiti. Mwongozaji alimleta Ami Kamaludin, yule yule aliyemwosha Hamdan. Kwanza mzee alikataa, akasema mauti hayachezewi; mwisho akakubali, tusije tukakosea kuosha mbele ya ulimwengu mzima. Nikalazwa, macho nimefumba, nimekatazwa hata kupumua kwa nguvu. Akaanza upande wa kulia, akaja kushoto, na maji yale baridi, yarabi! Alipofika shingoni mikono ikasita. Vidole vikagusa hapa, na hapa, kisha nikamsikia akiomba msamaha kwa sauti ndogo. Hakuniomba mimi. Alimwita Hamdan. Wallahi nilitamani kuinuka nikimbie, nami ndiye maiti!

Tulipomaliza nilimfuata kwake. Akaniambia mwosha hatoi siri ya maiti, ndivyo alivyofunzwa. Nikamuuliza, ikiwa alama ni za mikono ya mwingine, hiyo ni siri ya maiti au ya muuaji? Machozi yakamtoka, akasema shingo ya Hamdan ilikuwa na alama za vidole, na chini ya sikio kijialama cha pembe nne, kimeingia nyamani. Hakujua ni cha nini. Kesho tunakwenda naye polisi.

Yeye hajui, dada, lakini mimi nimejua. Ile pete ya akiki ya pembe nne, Yeslam hakuivua hata akila biriani, mpaka alipokuposa baada ya eda akakuvisha wewe. Mwenyewe uliniambia umeizungushia uzi isipwaye.

Naogopa, Nabiha. Nikaha ni Ijumaa. Usimuulize neno, usimkunjie uso. Sema mama anaumwa, mchukue Mahira, mje leo hii na Jacinta. Na pete usiivue mpaka ufike hapa, asije akaona kidole kitupu.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, yuko jikoni anakupigia hesabu ya mahamri ya harusi. Mbusu Mahira.

Nduguyo akupendaye,
Fuad