Baba, Mshale wa Pilipili Umepanda

Baba,

Leo asubuhi nimempeleka Mama hospitali kule Karen kusafishwa damu, na tumerudi salama. Amelala. Nimekaa kwenye kiti chako cha barazani hapa Riruta, kile ulichofunga mguu kwa waya ukasema ni cha muda tu. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu mwingine nikimweleza habari za gari lako Pilipili ananiambia nimwuze.

Pilipili yupo. Nianze na hilo, maana najua ungeuliza habari za gari kabla ya kuuliza kama tumekula. Bado mdogo, bado mwekundu, na ile turbo yake bado inapiga mluzi mtu akikanyaga, hadi vijana wa stendi wanageuka. Ila tangu tukuzike amekuwa akinywa mafuta kama gari la mheshimiwa linalojaziwa na serikali. Au alikuwa akinywa hivyo tangu zamani, sisi hatukujua. Ulijaza mafuta mwenyewe, ufunguo ukalala nao mfukoni, na mambo ya gari yakawa yako peke yako.

Ndugu yako Njoroge alikuja kutuona wiki chache baada ya mazishi. Akazunguka Pilipili, akapiga tairi teke, akasema, "Wambui, hii ni gari ya vijana wa mbio, si ya kubeba mgonjwa. Uza, mpande teksi." Moyoni nikasema pilipili usiyoila yakuwashiani? Mdomoni nikasema, "Sawa, Baba Mdogo, nitafikiria." Wewe ndiye uliyenifundisha kumjibu hivyo.

Lakini siku moja Baba Mdogo alikaribia kuwa sahihi. Tulikuwa tunatoka Karen. Unajua Mama anavyokuwa akitoka kwenye ile mashine: midomo mikavu, mikono haina nguvu hata ya kufungua mkoba. Nilikuwa nimejaza mafuta juzi yake tu. Kabla hatujafika kwenye mzunguko Pilipili akakohoa, akavuta kidogo, akazimika. Mafuta yameisha. Jua la saa sita, magari yananipigia honi, na Mama akauliza bila kufumbua macho, "Tumefika?"

Nikamwambia tunakaribia.

Kijana wa bodaboda alituletea petroli kwenye chupa ya maji. Huo muda wote nilikuwa nikimpepea Mama kwa gazeti, nikimhesabia pumzi, nikiogopa kuangalia uso wake na nikiogopa kutouangalia. Baba, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile uliyoanguka wewe. Wewe ulituwahi. Hukutupa nafasi ya kuogopa. Lakini kwa Mama naona kila kitu kikija, na mimi ndiye niliyeshika usukani.

Kuanzia hapo sikulala vizuri mpaka nijue mafuta yanaenda wapi. Niliangalia kama yanavuja chini, pakavu. Nikajaza tairi upepo. Nikabadilisha filta ya hewa. Fundi wa hapa kwa stendi akatoa plagi, zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria ya kuni. Akaweka mpya, na baada ya muda mfupi nazo zikawa nyeusi vilevile. Akanipa pole: "Madam, hii ni ya sports. Inakunywa tu. Zoea." Nikaanza kuendesha kama nimebeba mayai, na turbo haikupiga mluzi hata mara moja. Haikusaidia. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakinusa kama ulivyokuwa ukifanya, na oili ilinuka petroli, na oili iliyoingiwa na petroli huua injini. Hapo ndipo nilipojua Pilipili anakufa, na siku atakayochagua kufa Mama atakuwa ndani.

Nikampeleka kwa Mzee Harbans, rafiki yako wa kule nyuma ya River Road. Anakusalimia. Kilemba chake bado ni kile cha buluu, na chai yake bado ina tangawizi ya kuchoma koo. Hakufungua boneti. Alikaa kando yangu akaniambia niendeshe tu, tukazunguka na ile foleni yote ya mikokoteni na watu, naye anatazama dashibodi. Halafu akauliza, "Hii mshale ya joto, siku zote inalala hapa chini?"

Nikamjibu ndiyo, kwa kiburi, Baba. Kiburi chako. Si ndivyo ulivyokuwa ukituambia kwenye foleni ya Ngong Road, wengine wakiwa wamefungua boneti kando ya barabara? "Tazama, Maitu. Wengine wanachemka, sisi mshale haujainuka hata kidogo. Hii ndiyo gari." Uliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yako, na ukiniita hivyo niliamini chochote.

Mzee Harbans akafuta uso kwa kitambaa. "Gari haikosi joto namna hii," akasema. Tukarudi, akafungua pale bomba la maji linapoingia kwenye injini, akaingiza kidole, akakitoa. Ndani palikuwa patupu. Thamostati haipo.

Wewe unaijua, lakini acha niiseme, maana mimi nimeijua juzi. Ni kilango kidogo cha shaba. Injini ikiwa baridi kinajifunga ili maji yapate moto haraka. Ikipata moto kinajifungua, maji yaende kupoa kwenye rejeta. Na hapa Nairobi unajua desturi yetu. Gari likichemka mara moja, fundi hatafuti kwa nini. Anang'oa thamostati, anaitupa, na mwenye gari anamshukuru. Maji yanazunguka siku nzima, injini haipati moto kamwe, nayo injini baridi inaitisha mafuta kama vile sisi kwenye baridi ya mwezi wa saba tunavyoitisha chai. Kwa hiyo ule mshale uliolala, uliotufurahisha miaka yote, ndio uliokuwa ugonjwa.

"Baba yako alikuja hapa kuomba mimi natoa," Mzee Harbans akaniambia. "Mimi nakataa. Mimi nasema, feni yako imekufa, tengeneza feni. Yeye nanyamaza, nakwenda nyumbani." Akatikisa kichwa. "Kumbe yeye nafanya mwenyewe."

Nikakumbuka mkebe wa vifungo wa Mama. Tulipokuwa tukipanga vitu vyako nilikuta humo kitu cha shaba chenye springi, kimefungwa kwenye leso yako ya kahawia. Nilidhani ni kipande cha mfereji, nikakirudisha. Mzee Harbans akanipa maagizo: kichemshe kwenye sufuria, kikifunguka, bado ni kizima.

Mama alipoona ninaelekea jikoni na kile kitu akapiga kelele, "Si kwa sufuria yangu ya chai!" Akanipa ile ya mayai. Nikakifunga uzi, nikakining'iniza majini, naye akavuta kigoda akakaa kando ya jiko. Maji yakaanza kuimba. Bado kimefungwa. Nikaanza kuomba, sijui niliomba nini. Ndipo kikafunguka, taratibu, kama mtu anayeamka. Nikakitoa, kikapoa, kikajifunga. Mama akasema, "Kwa hivyo kinajua chenyewe?"

Nikamweleza kilipaswa kuwa wapi. Halafu akanisimulia siku ambayo mlichemka njiani mkitoka hospitali, mimi nikiwa kazini. Moshi mweupe ulijaa mbele ya kioo, wewe ukaruka nje kufungua boneti, naye akabaki ndani na mkanda kifuani, vidole havina nguvu ya kuufungua. Alidhani gari linawaka. Alidhani utachelewa kumfikia. "Nilimwambia baba yako, siku hii gari itapata joto tena, mimi siingii. Heri nife nyumbani." Akatazama ile sufuria. "Na haikupata joto tena. Mimi nikadhani ni maombi."

Baba. Sikujua nicheke au nilie, na nikalia. Mzee Harbans alikwambia utengeneze feni, lakini wewe hukutaka mshale uwe sawa. Ulitaka usipande kabisa, hata kidogo, ili Mama akubali kuingia.

Wiki hii Mzee Harbans amesafisha rejeta, akaweka feni nyingine, akarudisha thamostati yako mahali pake. Ile yako yenyewe. Akaninyoshea kidole: "Sasa mshale itapanda. Wewe usiogope. Ikifika katikati itasimama. Ikipita, zima gari." Sikusikia kitu kingine ila hilo neno ikipita.

Leo asubuhi sikumficha Mama. Nilimwambia, leo litapata joto. Alisimama kando ya mlango na shuka lake begani, kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kufikiria teksi. Kisha akaingia, akajifunga mkanda mwenyewe.

Naivasha Road yote nilitazama mshale kuliko barabara. Ulikuwa unapanda, Baba. Sijawahi kuuona ukipanda. Tulipokwama Dagoretti Corner nikakaribia kumgonga wa mbele, na Mama akaninyang'anya ile kazi: "Wewe kaza macho barabarani. Mshale niachie mimi." Akainama mbele, yeye aliyeapa kutoingia, akawa ananisomea. "Unapanda. Bado unapanda." Ghafla feni ikanguruma mbele yetu, akanishika goti, kucha zikaingia. Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo. Nilikuwa tayari kuzima, kumfungua mkanda, kumbeba mgongoni mpaka Karen.

"Umesimama," akasema.

Magari yakasogea, tukasogea. Kila baada ya muda alisema tu, umesimama. Hata tukirudi, akiwa hoi, alifumbua jicho moja, akatazama, akalifumba. Na mafuta yamebaki, Baba. Zamani tungekuwa tunatafuta petroli.

Bado naogopa. Nisikudanganye. Gari limepona na hofu haijapungua, kwa sababu sikuwa naogopa mafuta. Naogopa siku atakayouliza kama tumefika na niwe sina jibu. Sasa najua hata wewe uliogopa hivyo, ukicheka na kujisifu kwenye foleni, na hukumwambia mtu.

Ule mtungi wa maji uliokuwa ukiubeba gari lisije likachemka njiani bado uko kwenye buti. Mzee Harbans alitaka kuutoa, kwamba hauna kazi tena. Nilimkatalia. Hofu yako na yangu zitakaa huko nyuma, kando ya mtungi, na ninakuahidi sitaziruhusu tena ziingie kwenye injini. Mama nitampeleka kila siku inayotakiwa, hata nikiogopa, mpaka atakaponiambia mwenyewe inatosha.

Pumzika sasa, Baba. Keshokutwa tunarudi Karen, na Mama ameshasema mshale ni wake.

Maitu wako,
Wambui