Kikombe Chako Juu ya Beringi

Shemeji Saidi,

Huko uliko hakuna anayekusumbua na grisi, kwa hiyo nisikilize. Ni mimi Juma, mume wa dada yako Zena, yule uliyekuwa ukimwita "mkono wa uji" kwa kuogopa injini. Ni miezi minne tangu tukuzike, na kinu cha unga kinasaga tena.

Shafti mpya ya kuzungusha kinu ililetwa kwa treni. Ni nene kuliko ile ya zamani. Fundi aliyeifunga alitueleza kwamba kila shafti ina mwendo wake mbaya, ambapo hujipinda na kutetemeka kama mtu mwenye homa, ila hii mpya, kwa unene wake, kinu chetu hakitaufikia mwendo wake mbaya kamwe. Wenzangu walifurahi. Somo hilo mimi nilishalipata kwako, kwa kikombe cha bati.

Unakumbuka? Ulikitia maji nusu, ukakiweka juu ya beringi inayoshika shafti. Tukiwasha asubuhi, maji yalichora miduara. Mshale wa saa ya mwendo ukigusa alama nyekundu uliyopaka, maji yalisimama wima kama manyoya ya paka aliyeogopa. Hapo ulisema, "Hapa hapakai mtu, shemeji. Hapa hupitwa." Ukasukuma wenzo wa kuongeza mwendo, shafti ikanguruma kidogo, kisha maji yakatulia kabisa. Nawe ukayanywa ukinicheka!

Watu wanasema shafti ilikuwa imezeeka. Meneja naye aliandika hivyo. Nimewaacha waseme.

Saidi, siku ile wenzo ulikuwa mkononi mwangu. Maji yaliposimama, mkono wangu uliganda. Sikusukuma, sikurudisha. Niliiacha shafti palepale pabaya, nawe ukanigeukia ukipiga kelele, na kabla sijakuelewa ikapinda, mkanda ukachomoka. Ulikuwa umesimama upande wake. Hayo sijamwambia mtu yeyote.

Sasa nikueleze linalonitisha. Kikombe chako bado ninacho, na kwa mazoea nakitia maji kila asubuhi. Mshale ukifika kwenye alama yako, naweka kiganja juu ya beringi: pametulia, hata sisimizi angelala. Lakini maji yanasimama. Nimekiweka sakafuni, nimekiweka dirishani, nimekiweka juu ya magunia ya unga. Ni yaleyale, na vikombe vya wenzangu vimetulia kando yake. Nikisukuma wenzo, maji yanatulia. Nikisita, kikombe kinaanza kutembea, na mara zote kinakuja upande wangu. Yule fundi alikitazama mara moja tu, akavaa kofia yake akaenda zake bila kuaga.

Jana nilikileta nyumbani, nikidhani ni kinu ndicho kinachokisumbua. Leo ni Jumapili, kinu kimefungwa, na huku kwetu Bondeni hakuna mashine hata moja karibu. Baada ya chakula cha mchana Zena akanimiminia chai ndani yake. Akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa mara ya kwanza siku ile nani alishika wenzo. Nikafungua mdomo niseme sijui.

Chai ikasimama.

Aliiona, Saidi. Aliitazama chai, akautazama mkono wangu, akatoka kwenda kuanua nguo.

Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile. Ulikuwa kaka yake wa pekee, uliyemlea baada ya wazazi wenu kufa. Anaweza kufunga nguo zake leo hii, na nitakuwa sina haki ya kumshika hata ncha ya kanga. Nampenda dada yako. Kila jioni nilijiambia nitamweleza kesho, mpaka leo sijamweleza.

Mwongo mimi. Hata barua hii naiandika ili nikae hapa kidogo zaidi.

Basi lala salama, shemeji. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa. Nakuahidi hivi: chai hii haitapoa kabla sijamwambia yote, kwa mdomo wangu, nikimtazama usoni. Kikombe kimefika ukingoni mwa karatasi, na wino unatetemeka. Namsikia Zena mlangoni na nguo zake.

Hapa hapakai mtu. Nainuka.

Shemeji yako,
Juma