Mjane Aliyemkana Mzimu wa Mumewe

Mwenzangu, hivi mtu anawezaje kuzungumza na mzimu wa mumewe misimu mitatu mizima, kisha akaamka siku moja na kusema mizimu haipo? Nimetoka studio sasa hivi, hebu sikia.

Unajua yule mwigizaji wa daktari mbishi, asiyeamini mizimu, ameiacha tamthilia yetu. Badala ya kuandika upya, mwongozaji amefuta jina la daktari kwenye kurasa za mswada na kuandika "Mjane". Basi! Ubishi wote kabebeshwa mjane wetu, ambaye tangu mwanzo humtengea marehemu kiti mezani.

Leo akatamka mbele ya kamera, "Mizimu ni upuuzi wa watu waoga." Na mzimu mwenyewe ameketi pale pale, amepakwa poda hadi masikioni!

Mzimu akauliza, "Samahani, mke wangu, kwani mimi ni nani?"

Studio nzima ikaangua kicheko.

Mimi, mwanafunzi wa mafunzo tu, ndiye ninayetunza daftari la wahusika, la kuhakikisha hakuna anayejipinga, kwa hiyo nikapinga. Mwongozaji akanijibu, "Binti, watazamaji hawana kumbukumbu. Weka sahihi hapa kwamba umehakiki, nami nitasaini fomu yako ya mafunzo ya chuo."

Hawana kumbukumbu! Alisema hivyo, mwenzangu, huku akitafuna kalamu yangu. Mama yangu anakumbuka hadi rangi ya kitambaa alichojifunga mjane siku ya mazishi!

Nikamrudishia karatasi yake, wote wakisikia: "Sitasaini. Fomu yangu kaa nayo. Mafunzo nitayarudia mwakani, kwingine."