Marehemu wa Chumba cha Kufulia

4 Januari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mama yako mdogo na watoto wake hawajambo? Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Nimesikia unaomba chuo cha uuguzi, na wanataka uandike maelezo yako mwenyewe: kwa nini kazi hii, na umewahi kufanya nini kinachofanana nayo. Nimekuombea nafasi hapa hospitali. Muuguzi mkuu amekubali ukae wodini wiki mbili, uwasaidie kulisha wagonjwa na kutandika vitanda. Utalala kwangu. Njoo upate cha kuandika.

Mama yako

20 Januari

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, nami sijambo. Samahani sikuja, masomo yamenibana. Lakini usiwe na wasiwasi, maelezo nimeshayatuma. Cha kuandika nimekipata hukuhuku nyumbani. Mwalimu aliyeyapitia alitoa leso akajifuta machozi. Mengine tutaongea tukionana.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Salamu nimezisahau, nisamehe.

Muuguzi mkuu aliniita ofisini nikiwa bado na aproni yangu ya kufulia. Chuo kimemtumia maelezo yako ayathibitishe. Akaniuliza jina langu kamili, kana kwamba si yeye anayenijua miaka kumi na moja, kisha akanipa karatasi nisome. Nikasoma kwamba nililazwa wodi namba nne, ukaniuguza siku arobaini, ukawa unanigeuza kitandani, na kwamba nilikata roho mikononi mwako Jumanne saa saba mchana. Mwanangu, Jumanne saa saba mimi huwa napiga pasi mashuka.

Nilikaa palepale sakafuni. Wauguzi wawili walicheka, halafu wakaacha. Unajua kilichonichoma? Umeandika kwamba nikicheka nyumba nzima inachangamka. Neno hilo sijawahi kulisikia kutoka kwako, imebidi nife kwanza. Na bado ulinitumia "natumaini hujambo".

Nimepewa hadi Ijumaa ijayo. Muuguzi mkuu akiandika kweli, nafasi yako imekwenda. Akigonga muhuri, mimi ni marehemu. Aliniambia, "Mama, amua wewe." Siwezi. Amua wewe uliyeniua.

Marehemu mama yako

6 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikashindwa kuingia ndani.

Masomo hayakunibana. Niliona haya. Nilijua wodini watasema huyu ni mtoto wa mfuaji, na mimi nataka kuwa muuguzi. Basi karatasi ilipouliza nimefanya nini, nikakuta sijafanya kitu. Nikakuua. Nilipokuwa naandika nililia kwelikweli, ndiyo maana nikadhani si uongo sana.

Mwambie muuguzi mkuu uko hai. Nami leo nimewaandikia chuo, kwa mkono wangu, kwamba nilidanganya. Kama zile wiki mbili bado zipo, nakuja Jumapili. Wodini sitaki. Niweke kwako, kufulia.

Mwanao, mwenye aibu

11 Aprili

Shikamoo Mama,

Chuo wamejibu. Mwaka huu hapana.

Nimeanza maelezo ya mwakani. Nakumbuka ile Jumanne nilipokuwa nawe kufulia, yalipoletwa mashuka ya bibi wa kitanda cha tisa, aliyekuwa amefariki punde tu. Yalikuwa bado yana joto, nami nikakimbilia nje. Wewe uliyapapasa, ukakuta kitana chake, ukakiosha na kukifunga kwenye kitambaa, bintiye akija apewe. Wiki ikaisha hajaja. Mimi nilikuwa nimeandika kifo ukurasa mzima na sikujua kwamba shuka hubaki na joto.

Mpaka sasa nina sentensi moja: mama yangu yu hai, na Jumanne hupiga pasi mashuka. Ya pili sijaipata. Wiki zote mbili nilikuona ukishika ukuta kila ukitaka kuinama, na sikukuuliza.

Hujambo, Mama? Safari hii nijibu kwa urefu.

Mwanao