Mashine Imejifunza kwa Macho ya Mama Mdogo

Mpendwa mshauri Mma Kelebonye,

Naanza na dai langu, nalo niko tayari kulitetea mbele ya yeyote: kazi ambayo mashine inaweza kuifanya bila kuchoka haikustahili kamwe kula macho ya binadamu, na jamii inayoililia kazi hiyo inalilia maradhi yake yenyewe. Nimesoma habari za wafumaji, za wachimbaji, za wapiga chapa. Kila kizazi kilitabiri njaa, na kila kizazi kilipata kazi nyingine. Nasema hayo kwa akili timamu, na bado naomba msaada wako, kwa sababu wiki ya pili sasa chakula hakipiti kooni na dai langu halinisaidii kitu.

Mimi ni mhandisi wa miaka ishirini na sita, mwenye shahada ya daraja la kwanza, na nimeajiriwa na kampuni moja ya hapa Gaborone ili niifundishe mashine kuchambua almasi kwa rangi, na kwa kuwa mashine haifundishiki bila mwalimu niliulizwa ni nani mwenye jicho bora katika ukumbi wa wachambuzi, nami nikajibu kwa majivuno kwamba ni mdogo wake marehemu mama yangu, nitakayemwita Mma Boikanyo, ambaye ameketi kwenye dirisha la kusini, lisiloingia jua, kwa miaka ishirini na mbili, na ndiye aliyenilea tangu darasa la nne. Tukafunga kamera juu ya meza yake. Kwa miezi mitano ameokota kijiwe baada ya kijiwe kwa kibanio, akiitaja rangi kwa sauti, na mashine ikimsikiliza.

"Itazame hiyo kamera yako," aliniambia siku ya kwanza. "Inanikodolea macho kama mkwe mwenye njaa!"

Wenzake wakacheka. Mma Tshenolo, jirani yake mezani, akamchokoza: "Kesho itakuomba na kiti, mwenzangu."

"Iache iombe. Huyu ni mwanangu, kamasi zake nimezifuta mimi. Hawezi kuniletea nyoka mezani."

Sasa mashine imeiva. Wiki mbili zilizopita meneja aliniita, akafunga mlango, akanionyesha orodha: wachambuzi thelathini na tisa wataondoka mwisho wa Agosti, na jina la mama mdogo ni la nne. "Ile ahadi ya kutunza siri uliyoitia sahihi unaikumbuka, Rra?" Naikumbuka. Kinachonimaliza ni kwamba Ijumaa hii kuna mkutano wa wafanyakazi, na meneja amemwomba Mma Boikanyo asimame awahakikishie wenzake kwamba mashine imekuja kuwapumzisha macho tu, naye amekubali, hata gauni lake la bluu la kanisani ameshalipiga pasi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo mwanzoni, wakati ambapo hata mimi, nusunusu, niliamini.

Kuna pia jambo la kiufundi, sijui kwa nini nalitaja. Kila mama mdogo alipokwama, alimsogezea Mma Tshenolo kijiwe na kusema, "Niazime macho," wakabishana mpaka wakaelewana. Mawe hayo, mia nane na kitu, niliyafuta yote kwenye kumbukumbu za mashine, kwa kuwa mashine hutaka jibu moja. Sasa mashine haisiti kamwe.

Nikisema, navunja ahadi na pengine nafukuzwa. Nikinyamaza, atawadanganya wenzake kwa mdomo wake na kwa imani aliyonayo kwangu. Yeye huisoma safu yako kila Jumatano saa saba mchana, kwa sauti, wenzake wakila magwinya, maandazi yetu ya hapa, na chai. Majina nimeyabadilisha. Nadai unijibu gazetini, si kwa simu wala kwa barua ya pembeni: mwenye kosa ni mashine, ni kampuni, au ni mimi?

Mwenye Shahada,
Gaborone

*

Mwenye Shahada,

Pole. Mtu asiye na roho chakula kingempita kooni.

Lakini wewe hukuniomba ushauri. Umenituma. Unajua ataisoma barua hii kwa sauti, na umepanga ajitambue katikati ya sentensi, mbele ya wenzake, mdomo umejaa, ili wewe usiwepo. Hapo hapana uhandisi, kijana. Hapo pana woga.

Dai lako nalikubali nusu. Macho ya watu yasiliwe na mawe. Ila hao wafumaji waliopata kazi nyingine, wengi wao hawakuwa wao, walikuwa watoto wao. Mama yako mdogo hawezi kungoja mpaka awe mtoto wake.

Mashine haina kosa. Kampuni inalo, tena la kutaka uongo usemwe na mwanamke anayeaminiwa. Na wewe unalo lako. Usijifiche nyuma ya siri. Umeshaitoboa kwa kuniandikia.

Sasa fanya hivi. Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso. Usimpe historia, mpe tarehe, mpe orodha, mwambie jina lake ni la ngapi. Akikutukana, nyamaza. Ijumaa avae gauni lake na asimame kama alivyoahidi, aulize kampuni itawapa lini mafunzo ya kazi nyingine, kwa sababu yakianza baada ya Agosti ni rambirambi tu. Nawe simama karibu naye useme habari za yale mawe mia nane uliyoyafuta. Kazi ya watu ilikuwa mle, katika kusita na kubishana, nawe ukaiita takataka. Yarudishe, na udai mashine ipewe wanawake wa kuisahihisha. Ukifukuzwa, una miaka ishirini na sita na shahada. Yeye ana nini?

Nilikupigia mara tatu kwa namba uliyoiacha. Hukupokea. Nilitaka kuitupa barua hii kwa ajili yake, lakini wale wengine thelathini na wanane nao wana haki ya kujua kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo gazeti liko mtaani tangu alfajiri, na wewe una mpaka saa saba. Inuka hapo ulipo.

Ukishatoka kwake niandikie, kwa jina lako kamili, nami nitalichapisha jibu lako hapahapa: ulifika kabla hajaufungua ukurasa huu?

Mma Kelebonye